Vijiti vya Fundi

Kuna uchovu ambao kulala hakuuondoi, na huo ndio Fundi aliokuwa nao asubuhi ile alipofungua plasta kwenye mkono wa Punje. Hakuwa fundi wa cherehani wala wa bomba. Alikuwa muuguzi mkuu wa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na jina hilo alipewa na madaktari wenyewe, kwa sababu mshipa ambao wao wangeutafuta mpaka jasho liwatoke, yeye aliupata kwa kupapasa tu. Punje naye alipewa jina na Fundi. Alizaliwa mdogo kiasi kwamba ukimpima na pakiti ya sukari, sukari ingemshinda, na mama yake alikuwa bado hajathubutu kumpa jina la kudumu. Alikuwa ameshazika wawili waliokuwa na majina.

Chini ya plasta palikuwa na doa jeusi.

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake, akaangalia tena. Jana halikuwapo. Lilikaa katikati ya mkono wa kushoto, upande wa ndani wenye ngozi laini, limezungukwa na wekundu, nalo halikubonyea alipoligusa.

"Dripu imevuja," alisema daktari wa watoto, kijana mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha. "Dawa imeingia kwenye nyama. Tuhamishie sindano mkono wa pili, na tubadilishe antibiotiki."

"Na kama si dripu?"

"Fundi, tafadhali. Nina watoto wawili kule wanasahau kupumua. Leo naomba iwe dripu."

Basi ikawa dripu. Fundi akahamishia sindano mkono wa kulia, mara moja tu, bila kumliza mtoto, kisha akanyoosha mkono kwenye rafu na kuchukua kijiti kwenye kopo.

Vijiti hivyo vina habari yake. Vibao vya plastiki vya kutuliza mkono wenye dripu, vile vinavyotoka bohari, vilitengenezwa kwa watoto wenye miili yao. Ukimfunga Punje kimoja kinapita kwapani na kuendelea na safari. Kwa hiyo miaka mingi nyuma Fundi alibuni chake. Alichukua vijiti vya mbao, vile ambavyo daktari hukukandamizia ulimi akikuambia useme aaa, akavivunja nusu, akavizungushia pamba na bandeji, akavipanga kwenye kopo pale rafuni, juu ya sinki. Mkono wa mtoto ulilala juu yake ukatulia, na sindano haikuchomoka tena. Wanafunzi walijifunza kwake, wakahamia hospitali nyingine, wakaenda navyo. Kote huko viliitwa vijiti vya Fundi, na yeye kila aliposikia alijidai kidogo. Nani angemlaumu? Katika kazi ile mtu hupata vitu vichache vya kujidai navyo.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, bibi yake Punje alikuwa amekaa na kikapu chake kama kawaida.

"Mume wangu ameamkaje?" aliuliza. Ndivyo alivyouliza kila asubuhi.

"Analalamika, bibi. Anasema mke hajaja kumwona."

"Mwambie mke ni mzee, magoti yanamsumbua. Akitaka kijana aniache mapema, nisipoteze muda."

Fundi alicheka, na hapo hapo akajua kwamba hajamwambia lile la doa.

Kesho yake doa lilikuwa limefika karibu na kiwiko. Antibiotiki mpya haikulibabaisha hata kidogo. Daktari hakuomba tena iwe dripu. Alikata kipande kidogo cha ngozi, akakipeleka maabara mwenyewe.

Mwanamke wa maabara alikuwa mtu asiyependa ngazi. Majibu yake yalikuja kwa simu, au hayakuja. Kwa hiyo walipomwona mlangoni, anahema na mkono kifuani, hakuna aliyehitaji kuuliza kama habari ni nzuri.

"Ni ukungu," alisema. "Ule ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Mimi na wewe tunauvuta puani kila siku na hautufanyi kitu. Lakini huyu mtoto hana kinga. Umeingia kwenye mishipa ya damu, unaiziba, nyama inakufa, nao unasonga mbele. Nimewahi kuuona vitabuni. Kwenye hadubini yangu, hii ni mara ya kwanza."

Daktari alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, maana viti vyote vilikuwa na akina mama. "Basi ni kisu na dawa," alisema. "Daktari wa upasuaji akate kila kilichokufa, leo. Nyama ikiwa imekufa hadi mfupani, mkono utaondoka. Dawa nimeshasikia ipo hospitali kuu. Inatesa figo, lakini tusipompa tunamzika. Swali ni moja. Huu ukungu umetoka wapi?"

Wote waliinua macho. Kwenye dari, pembeni ya taa, palikuwa na baka la maji ya mvua.

"Dari," alisema daktari, na kila mtu akapumua. Dari ni mkosaji mzuri. Halina cheo cha kupoteza wala watoto wa kusomesha.

Mama yake Punje alitia sahihi bila kusoma. Fundi akaanza kumtayarisha mtoto kwa chumba cha upasuaji, na alipofungua bandeji ya mkono wa kulia, ule wa jana, aliinama karibu zaidi. Hapakuwa na weusi bado. Palikuwa na wekundu tu, mwembamba, ulionyooka pande mbili, na mwisho wake mmoja ulikuwa wa mviringo. Dripu inayovuja haichori mstari. Maji ya dari hayana ncha ya mviringo.

Alimkabidhi mtoto, akarudi rafuni, akafungua kopo na kunusa. Lilinuka mbao zenye unyevu. Sinki chini yake lilitoa mvuke mchana kutwa, kila mtu akinawa kwa maji ya moto, na chumba chenyewe kilikuwa na joto la makusudi, kwa ajili ya watoto. Ndipo akamkumbuka Njugu, mtoto mwingine wa chumba kile, aliyekufa msimu wa mvua uliopita, mguu wake mweusi kuanzia kifundo. Walisema dripu. Yeye mwenyewe alisema dripu, na alimfunga mguu ule kwa mikono yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo Fundi aliusikia tangu utotoni, na siku zote alidhani unasemwa juu ya jirani mbaya.

Tusimpake mafuta: alifikiria kunyamaza. Alisimama na kopo mikononi akapiga hesabu zote. Takataka za kuchomwa zilikuwa pale pale mlangoni. Mafundi wa dari wangekuja, wangepaka rangi, na vijiti vingepotea kimyakimya, hakuna atakayeuliza. Angestaafu na jina lake. Lakini kule nje kulikuwa na wasichana aliowafundisha, mahali asipopajua hata kwa sura, na saa hiyo hiyo huenda mmoja wao alikuwa anavunja kijiti nusu, anakizungushia pamba, anafanya kwa upendo kama alivyoelekezwa.

Alivifungua vijiti kwenye mikono na miguu ya watoto wote chumbani. Halafu akashuka maabara.

"Nioteshee hivi," alisema.

Mwanamke wa maabara alichungulia ndani ya kopo, akamtazama usoni. "Kaa kwanza, mama."

"Nikikaa sitainuka."

Mkono wa kushoto wa Punje ulikatwa kwenye kiwiko. Ukungu wa vijiti ulichanua kwenye sahani za maabara, wa kijivu, wenye manyoya, na ulikuwa ule ule. Daktari alimwita Fundi pembeni, akafunga mlango.

"Vijiti vimeshaondoka," alisema kwa upole. "Mtoto anapata dawa. Si lazima wazazi wajue vilikotoka. Yaliyopita si ndwele, Fundi."

"Ndwele imelala pale, Daktari. Ina mkono mmoja."

Alikwenda kwenye benchi. Mama yake Punje alikuwa ameegemea ukuta, bibi ameshika kikapu. Fundi hakumung'unya maneno, maana aliogopa akizunguka atapotelea huko. "Ukungu ulikuwa kwenye kijiti nilichomfungia mkono. Kijiti nilikitengeneza mimi. Nilimfunga mimi."

Mama alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Kisha akasema, "Usimguse tena mwanangu."

Bibi aligeuzia uso ukutani. Siku hiyo hakuuliza habari za mumewe.

Fundi aliwapigia simu wanafunzi wake wa zamani, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alicheka, akidhani ni utani. Mwingine alimwacha amalize, akasema, "Sista, na sisi tulikuwa na mmoja." Baada ya simu hiyo Fundi aliingia stoo ya mashuka, akalia akiwa amesimama, akatoka, akaendelea na kazi. Watoto wengine walikuwa wanahitaji maziwa.

Dawa ilimpa Punje nafuu. Wekundu wa mkono wa kulia ulikoma, ukaanza kufifia. Lakini dawa yenyewe ilikuwa kali kwa mishipa, kila siku mshipa mmoja ulikufa, na mishipa ya mtoto kama yule si mali ya kuchezea. Wauguzi vijana walitoboa, wakakosa, wakatoboa tena. Punje alilia mpaka sauti ikamwisha, akawa anafungua mdomo tu. Daktari naye alijaribu, akatupa glavu sakafuni, akaenda kusimama dirishani.

Mama yake alitoka nje. Fundi alikuwa ukumbini anakunja nguo.

"Hana tena pa kutobolewa," alisema mama, haangalii mtu. "Njoo umtafutie."

Fundi alinawa mikono kuliko ilivyohitajika. Akaushika mguu wa Punje kwa vidole viwili, akafumba macho, akapapasa taratibu chini ya kifundo. Mle ndani palikuwa na kitu chembamba kama uzi wa kushonea, kinachotembea. Akaingiza mara moja. Damu ikaja.

Mshipa wenyewe ulikuwa mfinyu mno. Mtoto akipiga teke moja, basi. Vibao vipya vya saizi ndogo vilikuwa vimeagizwa, viko njiani, na njia ya bohari inajulikana. Dawa ilitakiwa kuingia tone kwa tone mpaka wageni wa jioni waje.

"Nitamshika mwenyewe," alisema Fundi. Akapitisha mkono kwenye tundu la sanduku la joto, akaulaza ule mguu juu ya kidole chake kimoja, akaufunika kwa kidole gumba.

Mama alisimama upande wa pili wa kioo. "Sijakusamehe."

"Najua, mwanangu."

"Ila usimwachie."

"Simwachii."

Matone yakaendelea kushuka. Mgongo wa Fundi ulianza kuwaka, ndipo kitu kikamgusa nyuma ya miguu. Alikuwa bibi, anasukuma kigoda.

"Kaa," alisema. "Mume wangu hapendi wanawake wa kumsimamia kichwani."

Fundi akakaa. Punje akapiga teke, dogo, la mtu anayetaka mguu wake, naye akaushika.