Mama Pasi na Ufunguo wa Tabernakulo

Jumapili ile ambayo padri wa parokia alikuwa anaagwa, ufunguo wa tabernakulo, kile kisanduku cha ekaristi altareni, ulikuwa ndani ya sidiria ya Mama Pasi. Waliojua hilo ni wawili tu, yeye na Mungu. Na Mungu, kwa upande wake, alikuwa hasemeshwi.

Tuelewane hapo. Huyu mama ndiye aliyefua na kupiga pasi nguo zote za altare kwa miaka kumi na mmoja, jina lenyewe linajieleza. Lakini tangu binti yake wa pekee afariki kwa homa ya siku tatu, mwaka wa sita sasa, hakuwahi kusali hata neno moja. Alimnunia Mungu. Watu wakipanga foleni ya komunyo, yeye anabaki sakristia, chumba cha nyuma ya altare, anakunja vitambaa. Aliyeambiwa sababu ni padri peke yake. Siku alipoambiwa hakumhubiria, alivuta kiti, akasema, "Nuna, mama. Ila nunia humu humu ndani." Basi akanunia humo humo, miaka sita, huku kola zimenyooka.

Sasa askofu kaleta barua ya uhamisho. Padri anakwenda mbali, anakuja mgeni, na mgeni lazima atauliza: mama, mbona hupokei komunyo? Mama Pasi atajibu nini? Ataondolewa sakristia, au mbaya zaidi, kikundi cha akina mama kitamzunguka na kumwombea kwa sauti. Hapana jamani.

Desturi ya pale ilikuwa padri anayeondoka amkabidhi mwenzake ufunguo wa tabernakulo mbele ya waumini wote. Pasipo ufunguo hakuna makabidhiano, na pasipo makabidhiano, alivyopiga hesabu Mama Pasi, hakuna kuondoka. Akili hiyo ilimjia alfajiri akiwa anawasha pasi, akaiona kubwa kweli kweli.

"Shetani yuko kazini!" katekista alilalama, kichwa kiko chini ya kabati, makalio juu. "Tumetafuta kila mahali!"

"Kwenye kopo la ubani je?" Mama Pasi akamwuliza, akinyoosha kanzu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Katekista akaenda, akarudi anapiga chafya. Nje kwaya ilikuwa inarudia wimbo wa kuingia kwa mara ya nne, na wanaume wa sauti ya tatu walishaanza kupotea njia.

Padri akaingia, jasho linamtiririka. Akamtuma katekista akawaambie wanakwaya waendelee tu, akafunga mlango. Akamtazama Mama Pasi, aliyesimama wima kuliko kawaida yake, mkono kifuani.

"Utanipa mwenyewe, mama, au nimwite mwenyekiti wa akina mama aje akupekue?"

"Huthubutu!"

"Sithubutu," padri akakubali. Akajibwaga kitini. "Na usipotoa nitafurahi. Naogopa kwenda."

"Unaogopa? Si wewe Jumapili iliyopita umetuchosha dakika arobaini, Mungu anaongoza, Mungu anaongoza, watu wanasinzia?"

"Nilikuwa najihubiria mwenyewe. Kule wamemfukuza padri aliyenitangulia, mama. Wamemfungia geti. Mimi nina miaka sitini na tatu na magoti mabovu. Wiki nzima nafungua mdomo nisali, hakitoki kitu."

Siku zote Mama Pasi alidhani ububu ule ni wake peke yake. Akageukia ukutani, akapapasa kifuani, akautoa ufunguo na kuutupa mezani.

"Haya, chukua. Nenda."

"Niombee kwanza."

"Mimi? Kanisa zima liko nje limekuja kukuombea!"

"Hao wanamwomba Mungu kila siku, ameshawazoea. Wewe hujamsumbua miaka sita. Akikusikia, atashtuka."

Kicheko kikamtoka Mama Pasi bila ruhusa, kisha hasira ikamjaa. Akamwendea padri, akamwekea kiganja juu ya upara, akakandamiza.

"Mungu," akasema, sauti inakwaruza. "Ni mimi. Usidhani nimekusamehe. Ulimchukua mwanangu na hujaniambia kwa nini, hilo bado tunalo mimi na wewe. Lakini huyu mzee umemtumikisha mpaka magoti yamekwisha, na sasa unamtupa kwa watu wakali. Basi usimtume tu. Nenda naye. Ukifika getini, tangulia wewe. Mwanangu ulimwacha aende peke yake gizani, huyu usithubutu. Unanisikia? Au…"

Machozi aliyoyanyima msiba mzima yalikuwa yanadondoka kwenye upara wa padri.

"Au hukumwacha?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Mlango ukagongwa. Katekista akaita kwamba wageni wote wameshafika, kwaya imechoka, watu wamesimama. Padri akapangusa uso, akasema "Amina," akataka kuinuka.

"Kaa chini," akasema Mama Pasi. "Sijamaliza naye."