Matanga ya Rovu la Mama

Niliyoyaota usiku wa jana aliyaanzisha jirani yetu, Mama Skola, ingawa kwenye ndoto yenyewe hakuwemo.

Alikuja jioni kumjulia hali mama, akaviona vidonge vya kalsiamu juu ya kabati, vikubwa, vyeupe, akatikisa kichwa. Akasimulia kwamba shemeji yake wa Ludewa alimeza vidonge kama hivyo mwezi mzima, tumbo likajipiga plasta kwa ndani, na mpaka leo ukimgonga tumboni inasikika kama umebisha hodi. Tena, alisema, majibu yakionyesha kalsiamu imeshuka ujue mifupa imekwisha, na hakuna cha kumeza kitakachoirudisha. Akamaliza chai yetu, akaenda kwake.

Mama akavikataa vidonge.

Wiki mbili nyuma alitolewa rovu, ule uvimbe wa shingoni, hospitali. Tangu hapo vidole vinamchomachoma, na mara kwa mara mkono wa kulia unajikunja wenyewe, vidole vimekusanyika kama vya mtu anayetaka kumega ugali. Nesi alitusomea karatasi ya majibu ya damu: kalsiamu ya mama moja nukta nane, na inatakiwa ianzie mbili nukta moja, isizidi mbili nukta sita. Alisema shingoni kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele, ndizo zinazosimamia kalsiamu, na upasuaji umezishtua. Mpaka zizindukane, mama ameze vidonge asiruke hata siku. Akiviacha, mkono utajifunga na turudi mbio. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo nililishika. Nikalala nalo.

Basi naota karatasi ya majibu inakohoa mezani.

Mtu mfupi anashuka kutoka kwenye mstari wa tano, amevaa koti linaloburuza sakafuni. Anajitambulisha kwa adabu kwamba yeye ni Moja Nukta Nane, kalsiamu ya mama. Mbele yetu kuna mlango. Kizingiti cha chini kimeandikwa mbili nukta moja, cha juu mbili nukta sita. Anaruka mara tatu, kidevu hakifiki hata kwenye cha chini. Namwambia nimbebe nimvushe.

"Kubebwa tumezoea, dada," anasema. "Karibu nusu yetu tunabebwa mgongoni na protini mchana kutwa. Wanaofanya kazi ni wale wanaotembea kwa miguu yao."

Naona aibu, namwomba radhi. Namuuliza wenzake wako wapi. Anasema wako ghalani, wengi mno. Mlango unafunguka wenyewe, na ndani naona ghala kama la mahindi, ila kuta zake ni mbavu za mama. Nazijua, maana ndiye ninayemwogesha.

Mlangoni ameketi Fupa la Paja, mzee mrefu mwenye miwani na funguo kiunoni. Namwamkia shikamoo, anaitikia. Namweleza alivyosema Mama Skola, kwamba mifupa imekwisha. Anavua miwani, anaifuta taratibu, halafu anavuta pazia. Magunia meupe yamepangwa mpaka darini.

Namwambia basi atoe japo debe moja.

"Bila kibali cha wale wanne wa shingoni sitoi hata punje," anasema. "Nikitoa kiholela, siku moja mama yako atakaa kwenye kigoda, kigoda kibaki kizima, avunjike yeye."

Nageuka niulize njia, kumbe nimeshafika. Niko shingoni kwa mama. Kuna ukungu na baridi kama ya kwetu Njombe mwezi wa saba. Wazee wanne, kila mmoja kama punje ya mchele, wamejifunika mablanketi wakiota moto wa kijiti kimoja cha kiberiti. Kwa jinsi walivyokaa najua nifanye nini. Napiga magoti, nasema poleni. Wanasema tumeshapoa.

Nawaeleza habari za mkono wa mama. Mkubwa wao ananisikiliza mpaka mwisho. Anasema kazi yao wanaijua na hakuna kati yao aliyeumia. Ila wako matangani.

"Msiba wa nani, babu?"

"Wa jirani yetu. Rovu."

Anasema wameishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja. Alikuwa mnene, aliwabana, alilalia mablanketi yao, lakini walishamzoea. Asubuhi moja mwanga ukaingia, mkasi ukaingia, jirani hayupo. Hata kuagana hawakuagana. Sasa mtu atoke kwenye msiba wa namna hiyo aende kuandika vibali?

Nataka kumwambia kwamba Rovu alikuwa ugonjwa. Naziangalia nyuso zao, naacha. Nauliza tu matanga yanaanuliwa lini. Wananong'onezana. Wanasema wiki tatu, pengine nne, itategemea huyu wa mwisho, ambaye mama akimeza mate tu anaanza kulia upya.

"Na mama yangu je, babu? Mkono wake unamega ugali usiokuwepo."

"Kwani kwenu nyumba yenye msiba inapika?" ananiuliza.

Nasema haipiki. Majirani wanaleta chakula mpaka wafiwa wapate nguvu.

"Vidonge ndivyo hivyo," anasema. "Akimeza, nasi tutaomboleza kwa heshima na kurudi kazini. Asipomeza, usitulaumu."

Nasema hapo nimeelewa kuliko kwa nesi. Wa tatu wao anasimama, anajikung'uta, anasema yeye ataanza leo, nusu siku. Anachota majivu yaliyopoa, ananiwekea kiganjani nikayamwage nje. Nazunguka kutafuta. Shingoni kwa mama hakuna nje. Nazunguka tena, nikaamka.

Kumeshakucha. Mama ameketi kitandani, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, vidole vimekusanyika. Kwenye kola ya gauni lake, chini kidogo ya kovu, nikaona majivu. Machache sana, ya kijiti kimoja. Jikoni nilikuwa sijawasha moto.

Nikamsimulia ndoto yote kama nilivyoiandika hapa. Pale kwenye magunia alicheka. Pale kwenye miaka kumi na moja hakucheka.

Nikamimina maji kikombeni, nikaweka kidonge kwenye kiganja changu.

"Mama," nikasema, "nakuomba umeze hiki. Kama huwezi kwa ajili yako, meza kwa ajili ya wafiwa."

Mama akagusa kola yake kwa mkono wa kushoto, akanusa kidole. Akakitazama kidonge. Akatazama dirishani, upande wa kwa Mama Skola, ambako moshi wa chai ulikuwa umeanza kupanda. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, na mkono wangu ulioshika kikombe ukaanza kuchoka.