Niandikie Pumu

Kifua cha mdogo wake kilikuwa kinapanda upande mmoja tu. Nesi wa kiwanda alirudi nyuma, akamtazama tena kutokea miguuni, kama walivyofundishwa chuoni. Kulia kulipanda. Kushoto kulikaa tu, kama hakuhusiki.

Spika, ndivyo wenzake walivyomwita. Kinu cha kusaga mawe kikinguruma, yeye aliwatania watu wa upande wa pili na wakamsikia neno kwa neno. Sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha zahanati, mikono ameikita magotini, midomo imeanza kubadilika rangi, na kila baada ya maneno mawili anapumzika.

"Nimeinua gunia... kitu kimechoma... hapa." Akajaribu kucheka. "Nazeeka... dada."

"Nyamaza. Tunza pumzi."

Alimgonga kifua kwa vidole. Kulia kulitoa sauti nzito. Kushoto kuliitika kama debe tupu, na alipoweka kipimo masikioni hakusikia pumzi yoyote upande ule. Bomba la hewa kooni lilikuwa limeanza kusukumwa kulia. Alijua. Pafu limetoboka, hewa imevujia kifuani haina pa kutokea, na kila pumzi inazidi kulibana. Dawa yake ni sindano nene kati ya mbavu, hewa itoke. Sindano zilikuwa kwenye trei, karibu na mkono wake. Lakini ile ni kazi ya daktari. Nesi akichoma na mgonjwa akafa, anajibu peke yake. Alimwekea oksijeni, akamkalisha wima, akaita gari.

Njiani alishika kadi ya matibabu ya mdogo wake. Miaka sita, na kila ukurasa neno moja, kwa mwandiko wake yeye mwenyewe: pumu.

Haya, msimhukumu haraka. Pale kiwandani kila mtu alijua kinachowala. Vumbi la mawe linaingia pafuni, linalikausha, pafu linakuwa gumu kama ngozi iliyosahauliwa juani, halitanuki tena. Nesi aliyemtangulia aliandika "vumbi" kwenye kadi za watu wanne. Wiki hiyohiyo wote wanne waliachishwa kazi, na barua zikasema ni kwa ajili ya kulinda afya zao. Tangu siku ile wagonjwa wenyewe ndio walioomba. Anaingia mwanaume mzima, anakohoa mpaka anashika ukuta, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Niandikie pumu, dada." Mwenye pumu hafukuzwi. Na mdogo wake, ambaye kazi ile alitafutiwa na Nesi mwenyewe, alipokuja na ombi hilohilo, nyumbani ana watoto watatu, angemwandikia nini?

Daktari wa hospitali alikuwa kijana aliyechoka, korido nzima inamsubiri. Alisoma kadi kabla ya kumtazama mgonjwa.

"Pumu sugu. Mpeni mvuke wa dawa."

"Daktari, si pumu. Pafu la kushoto limesinyaa. Anahitaji sindano sasa hivi."

"Kadi inasema pumu."

"Kadi imekosea."

"Kaiandika nani?"

"Mimi."

Daktari akainua macho. "Miaka sita unaandika pumu. Leo ndiyo umegundua si pumu?"

Jibu alikuwa nalo, lakini jibu lenyewe lingewaondoa kazini wanaume zaidi ya hamsini.

"Msikilize kifua tu, daktari. Nakuomba. Ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Ndiyo maana umechanganyikiwa, mama. Mvuke kwanza, halafu eksirei. Tufuate utaratibu."

Foleni ya eksirei ilikuwa na watu kumi na mmoja. Karibu wote waliwapisha. Spika alimkamata kiganja, mishipa ya shingo imevimba, anamtazama yeye tu. Hakutania tena. Picha ilipotoka, pafu la kushoto lilikuwa limejikunja kama ngumi ya mtoto, na la kulia limejaa madoa meupe ya vumbi. Daktari alikuja na sindano mkononi. Jamani, alikuja mbio kweli. Alimkuta Nesi anamfumba mdogo wake macho.

Cheti cha kifo kilifuata kadi. Pumu ilimfaa daktari, ikakifaa kiwanda, na ile picha haikuonekana tena kwenye faili.

Siku ya tatu ofisa utumishi alikuja msibani na barua ya rambirambi, akaisoma mbele ya watu. Kampuni imesikitika sana. Pumu ni ugonjwa wa ukoo, hauhusiani na kazi. Familia inashauriwa kuwapima watoto wa marehemu.

"Pumu," mama yao alirudia, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. "Kwetu nani ana pumu?" Akaanza kuwahesabu kwa vidole. Baba yake, hapana. Mama yake, hapana. Akafika kwa shangazi yake aliyekuwa akikohoa kila baridi ikiingia, na kidole kikabaki hapo. "Labda yule."

Nesi alifungua mdomo. Kwenye viti vya wanaume walikaa wenzake Spika wa kinuni, safu mbili, na kadi zao zote zina neno lile. Walikuwa wamesikia kila kitu. Mmoja alikohoa, akajiziba kwa kofia, na juu ya kofia macho yake yakamsihi Nesi. Nesi akainama.

Mama alimgeukia mkwewe, akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Mume wako nimemuua mimi kwa damu yangu. Sikujua."

"Usiseme hivyo, mama."

"Watoto nitawapeleka mwenyewe wakapimwe." Kisha akamgeukia binti yake, akamwekea kiganja kifuani, taratibu, kama anayemsikiliza. "Na wewe? Damu ni hiyohiyo. Wewe unapumua vizuri?"

"Napumua, mama," alisema Nesi.