Kiti cha Kushoto

Yuster alikuwa rubani msaidizi mwaka wa tisa sasa, na kusema kweli maisha yalikuwa yamemnyookea. Kati ya marubani wasaidizi wote wa shirika lao hakuna aliyeajiriwa kabla yake, na kwa desturi ya kazi ile, aliyetangulia ndiye anayechagua kwanza. Safari za Mtwara zilikuwa zake. Mapumziko ya Alhamisi mpaka Jumapili, yake. Krismasi aliimba kwaya kwao Newala huku wenzake wakihangaika angani.

Sasa barua ya ukapteni ilikuwa mkobani, na jibu lilitakiwa kesho saa sita mchana. Kapteni hukaa kiti cha kushoto na ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini kapteni mpya huwa mkiani mwa orodha ya makapteni: kituo Mwanza, sikukuu kazini, mapumziko yale waliyoyakataa wakubwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, ila Yuster alikuwa ameshapata sababu ya kutoinama. Mama yake alikuwa na presha ya macho, na kila mwezi yeye ndiye aliyempeleka kliniki Ndanda. Nani angethubutu kumlaumu?

Alimkuta mama uani, anatandaza korosho juani kwa viganja.

"Shikamoo mama. Mbona hujajiandaa? Leo si kliniki?"

"Marahaba mwanangu. Nimeshakwenda. Juzi, peke yangu. Uliponiambia habari za barua nikaona nijaribu."

Yuster alifurahi, halafu akaona aibu kwa jinsi alivyoumia moyoni kuona sababu yake imeondoka. Akaomba kadi aone tarehe ya kurudi. Iliyoandikwa mwisho ilikuwa ya mwezi uliopita.

"Mama, hapa juzi haipo."

Mama aliendelea kutandaza korosho zake.

"Nilifika Masasi," akasema hatimaye. "Stendi magari tele, siyaoni yameandikwa nini. Nikaona haya kuuliza. Mama wa rubani mzima, nimwambie konda sioni? Nikapanda lilelile nililokuja nalo, nililijua kwa sauti ya konda wake, nikarudi nyumbani."

"Unaona sasa? Siwezi kukuacha."

Mungu amsamehe, alisema kama aliyetuliwa mzigo, na mama aliisikia nafuu ile.

"Usinifanye kisingizio, Yuster. Ukikataa, kataa kwa ajili yako. Unaogopa nini?"

Miaka tisa hakuna aliyemuuliza hivyo. Yuster akakaa pembeni mwa mkeka.

"Ukungu," akasema. "Uwanja hauonekani, nyuma kuna watu sabini, tushuke au tugeuze? Leo namtazama kapteni. Nikiwa mimi, nitamtazama nani?"

"Hicho kiti chako atakaa nani?"

"Rubani msaidizi."

"Ana macho?"

"Anayo."

"Basi utamuuliza. Nipe kitenge changu, twende Ndanda."

Walipofika stendi ya Masasi, Yuster alikwisha kuliona gari la Ndanda, akataka kumvuta mama upande ule. Mama akauchomoa mkono wake.

"Kaa hapo hapo."

Akaenda polepole katikati ya magari, mguu ukipapasa ardhi kabla ya kukanyaga. Wapo wenye macho mazima wanaozunguka stendi ile nusu saa kwa kuona haya kuuliza. Mwanamke huyu alisimama, akapaza sauti mpaka wauza machungwa wakageuka.

"Wanangu, mimi sioni vizuri! La Ndanda lipi?"

Makonda watatu walimwitikia kwa mpigo. Mmoja akamshika mkono kwa adabu, akampandisha na kumtafutia kiti cha dirishani. Wala hakuna aliyecheka.

Yuster alisimama palepale alipoambiwa akae. Machozi yakimtoka, alitoa simu, akamwandikia bosi wake neno moja: Nimekubali. Kisha akakimbia, kwa kuwa gari lilikuwa linaondoka na mama hakuwa amemwambia konda amsubiri mtu.