Absalom wa Gazetini

Lucinda Pettiford, mwalimu wa watoto weusi mjini Philadelphia, alilifungua gazeti kabla hata hajavua kofia. Hadithi yake ya kwanza ilikuwa imetoka. Ilimhusu baba yake, Absalom: jinsi alivyotembea siku kumi na moja baada ya vita vilivyokomesha utumwa, akiwa na miaka kumi na mitano, kumtafuta mama yake aliyeuzwa Georgia, wakakutana kwenye shamba la viazi vitamu wasitambuane.

Kwanza aliona picha. Mtu mweusi kama masizi, midomo minene kama soli za viatu, macho yamemtoka, kuku kwapani. Akasoma, mkono mdomoni. Absalom huyu aliiba kuku, akakimbia kaburi akidhani limemwita, akaongea maneno yaliyovunjikavunjika kama ya mlevi. Mwishoni alirudi kwa bwana wake wa zamani, akamlilia amchukue tena. Mama hakuwamo kabisa. Na juu ya uchafu wote ule, jina: Lucinda Pettiford.

Alilikunja gazeti, picha ikabaki ndani.

Jumatatu, shule ilipofungwa, alikwenda kwa mhariri, Bwana Whitlock.

“Aa, Lucinda! Ofisi nzima imevunjika mbavu!”

“Miss Pettiford. Nani alikwambia baba yangu mwizi wa kuku?”

“Usinune, binti. Nimeichangamsha kidogo tu. Yako ilikuwa na huzuni mno, halafu mzee mwenyewe anaongea kama hakimu. Nani ataamini?”

“Ndivyo anavyoongea.”

“Wasomaji wetu wanawajua watu wenu.”

“Wamewajulia wapi?”

“Humu humu!” Whitlock alilipiga gazeti kofi, akacheka, wala hakusikia alichokisema. “Niletee nyingine za Absalom. Atapendwa huyu.”

Akampa mkono, laini na wa jasho. Lucinda aliufuta wake kwenye sketi ngazi zote hadi chini.

Nyumbani alimkuta baba yake mezani, gazeti limefunguliwa, kidole chake cha mhunzi kwenye mstari. Jirani alikuwa amemletea akimpongeza.

“Baba, huyo si wewe.”

“Najua si mimi. Mimi najijua.” Hakuinua macho. “Mama yangu wamempeleka wapi?”

Lucinda alikaa chini, akamweleza yote, pamoja na kicheko. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua jiko, akalitia gazeti humo karatasi moja moja, akanawa mikono kwa sabuni, akarudia kunawa.

“Fungua dirisha, mwanangu. Linanuka.”

Jumapili ile Lucinda alisimama kanisani akaisoma hadithi jinsi alivyoiandika. Absalom alikaa benchi la mbele, koti limepigwa pasi, na binti yake aliposoma habari za shamba la viazi, mzee aliinamisha kichwa.

Wiki iliyofuata Whitlock aliandika kuulizia kichekesho kipya. Lucinda hakumjibu.