Kabla Hamjamsimulia Mwandishi wa Xiaobei

Kina mama wenzangu mnaosomesha watoto huku Guangzhou, haya yaliyonikuta nayaandika yasije yakawakuta.

Elinami aliingia kwenye mgahawa wangu hapa Dengfeng, mtaani Xiaobei, na daftari lake. Anaandika kitabu juu ya Watanzania wanaonunua bidhaa China, nami nikiwemo, maana mbali na chapati natuma mizigo Kariakoo. Nikaanza mimi kumhoji.

"Umesomea kuandika?"

"Nimesomea mifugo, Mama Swalha."

Makubwa! Kumbe alishawachanja ng'ombe, akasoma matangazo ya vifo redioni, akaandika habari za mahakamani, na gazeti lilipofungwa akauza vifaranga. Kila akijibu nataka kujua zaidi, huku chapati zinaungua.

"Mahakamani je, ilikuwaje?"

"Niliandika jina la shahidi, mumewe akalisoma gazetini, akamfukuza. Tangu hapo sichapi kitu kabla sijamsomea mwenyewe."

Nikamwamini. Nikamwambia kwamba Swalha wangu, anayesoma hapa kwa ufadhili, huwapeleka wafanyabiashara kwenye soko la Shiling kununua mikoba na kuwatafsiria. Viza ya masomo haimruhusu kufanya kazi. Chuo kikijua, ufadhili umekwisha.

Mwezi uliofuata akaja kunisomea. Swalha ameitwa Edina, chuo hakikutajwa. Nikafurahi. Akaendelea: "Katoni za mama yake Edina zimeandikwa KZJ 14 kwa wino mwekundu…"

"Hapo hapo! Simama!"

"Kuna nini? Si maandishi ya katoni tu?"

"Elinami, hiyo ndiyo alama ya mzigo wangu! Wakala wa mizigo wa kule Sanyuanli anaijua, wapagazi wanaijua, Kariakoo nzima inaijua. Wengine hata jina langu hawalijui, wananiita KZJ! Umemvalisha mwanangu nikabu, ukamwandikia namba ya simu mgongoni!"

Akashika kichwa. "Nilitaka msomaji azione hizo katoni."

"Na nani alikwambia zilivyo?"

"Wewe. Nilikuuliza."

Kweli. Jina nilimwomba alifiche, alama nikamtajia mwenyewe, tena kwa maringo.

Sura yote ya Edina akaitoa kitabuni mbele yangu. Basi wenzangu, swali la siri mtalishtukia wenyewe. Lile dogo, la katoni zikoje, ndilo la kuogopa.

Swalha nimemkataza safari za Shiling mpaka ahitimu. Amenuna wiki ya pili sasa. Anune tu, lakini darasani yumo.