Mkazi wa Kaburi la Nne

Kikundi cha Jumanne kilikuwa na watu saba, wote kutoka miji ya mbali ya kaskazini. Dariet aliwavusha kijito cha tatu kwa kuwashika mkono mmoja mmoja, maana mawe ya pale huwa na utelezi mwezi wa tano. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Alikuwa amefundisha jiografia katika shule ya kijiji cha Mezdah kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu alikuwa akiwapeleka wageni kwenye makaburi ya mawe yaliyo kwenye mgongo wa mlima. Makaburi hayo ni kumi na moja. Kila moja ni mabamba manne makubwa yaliyosimamishwa kama kuta, la tano limelazwa juu kama paa, na ukuta wa mbele una tundu la duara ambalo mtu mwembamba anaweza kupitisha mabega.

Walipofika, wageni walivua viatu. Huko kwao wanaamini kwamba mawe yale hujibu maswali. Wanaume wawili walikwenda kulaza vipaji vya nyuso kwenye kaburi la pili. Mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa cheupe aliingiza kichwa ndani ya tundu la kaburi la nne, akaanza kueleza habari za mumewe aliyehamia kwa mwanamke mwingine na kumwachia mbwa.

"Mwache aende," sauti ilimjibu kutoka ndani. "Na wewe toa kichwa, mwanangu, umeniziba njia. Nataka kutoka."

Mwanamke yule hakujua Kiadige, lugha ya watu wa Dariet, kwa hiyo Dariet alimtafsiria, yale ya mume na yale ya kichwa. Alishukuru, akasogea pembeni.

Aliyetoka alikuwa bibi mfupi, kimo chake hakikumfika Dariet begani. Alitanguliza bega la kushoto, kisha la kulia, kama mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara nyingi. Alivaa ngozi ya mbuzi, na mwili wote, hata kope, ulikuwa mwekundu kwa ngeu, udongo mwekundu waliompaka wakati wa kumzika. Mkononi alishika chungu kidogo. Alisema anaitwa Tsaku. Lugha yake ilikuwa Kiadige kwa namna fulani. Kiadige kina sauti nyingi za kooni, na cha kwake kilikuwa na nyingi zaidi, lakini ukisikiliza polepole ulimwelewa.

Dariet aliinamisha kichwa. "Karibu nyumbani kwangu, Bibi."

"Nimekaribia. Nibebee chungu. Magoti yamelala."

Walishuka wote pamoja, na mwanamke wa kitambaa cheupe ndiye aliyemshika Tsaku mkono kwenye kijito.

Kwa Waadige, mgeni haulizwi shida yake mpaka siku tatu zipite. Dariet alimpa chumba cha wageni, akampikia ugali mgumu wa mahindi na kuku wa mchuzi mzito wa kitunguu saumu, akamwekea na jibini. Tsaku alikula kwa vidole, taratibu, akaramba kiganja.

"Nafaka hii siijui," alisema. "Lakini mkono wa mpishi naujua."

Majirani walikuja kumsalimia. Kila aliyeingia alibaki amesimama, kwa kuwa mbele ya mkubwa hawaketi, na Tsaku alikuwa mkubwa kuliko wote. Wazee wa miaka themanini walisimama ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Siku ya pili Tsaku aliwahurumia, akaanza kwenda kukaa bandani pamoja na mbuzi, ambao hawakuwa na masharti.

Ijumaa asubuhi, siku tatu zilipokwisha, Dariet alimmiminia chai na kumuuliza kilichomtoa.

"Kuna watu wamepanda juu ya paa langu," Tsaku alisema. "Wamelipiga rangi nyekundu, wakapima kwa kamba. Mmoja akasema, 'Jumatano winchi itafika.' Nataka kujua nani amewapa ruhusa, kwa sababu mimi sikuulizwa."

Dariet alijua anakwenda kumuuliza nani. Hazret, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na siku hizi alikuwa na kitambi na muhuri. Alipomwona Tsaku mlangoni mwa ofisi alisimama, na hakukaa tena mpaka walipoondoka. Alitoa karatasi kwenye kabati na kuisoma kwa sauti ya chini. Hoteli mpya iliyoko barabarani ilikuwa imepewa mteremko wote wa juu. Makaburi yangehamishwa moja moja, yapangwe kwenye bustani ya hoteli, wageni wasihangaike na vijito. Mstari wa nne wa karatasi ulisema ardhi hiyo ni tupu na haijawahi kukaliwa na watu.

"Haijawahi?" Dariet aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwalimu."

"Hazret, darasa la sita nilikupa sifuri ya ramani. Naona hukukata rufaa. Babu yako mzaa babu alikuwa na ng'ombe kule juu. Mafiga ya jiko lao nimekuonyesha kwa kidole changu hiki."

"Nayakumbuka." Masikio ya Hazret yalikuwa yameiva. "Lakini karatasi haitoki kwangu, inatoka mjini. Mimi naletewa, napiga muhuri."

"Basi tutakwenda mjini," alisema Tsaku. "Wanasema hapakuwa na watu. Mimi nilikuwepo. Si ni jambo la kuwaambia tu?"

Dariet alimtazama, na moyo wake ukatulia kama maji ya mtungini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewaonyesha watoto mashamba ya wazee wao, na kila mwaka ramani mpya ililetwa bila jina hata moja. Safari hii alikuwa na shahidi.

Jumatatu walipanda basi la saa moja, Hazret naye akafuatana nao, amesimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Ofisa wa ardhi aliitwa Genadi Pavlovich, mtu mpole mwenye miwani, aliyeagiza chai kabla ya kuulizwa. Yeye hakuwa Muadige, kwa hiyo alikaa. Dariet alitafsiri.

"Bibi anaishi wapi?"

"Kaburi la nne kutoka kijitoni."

"Tangu lini?"

Tsaku alifikiri. "Tangu mwerezi ule mkubwa haujaota. Na ule uliokuwepo kabla yake."

Genadi Pavlovich aliandika: miaka elfu nne, takriban. Nafasi kwenye fomu ilikuwa ya tarakimu tatu, akaibana ya nne pembeni. Kisha akamwomba aeleze ni nani wengine waliowahi kukaa kwenye mteremko huo, na Tsaku akaeleza. Alianza na watu wake, walioburuta mabamba yale kwa ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Wakaja wengine, wakaja wengine tena. Mwisho wakaja watu wa Dariet, waliopanda mipeasi na kuimba wakati wa kukamua.

"Nilikuwa nawasikia kila asubuhi," alisema. "Halafu ikaja masika moja, nikasikia mizinga, nikasikia watu wengi wanafukuzwa kuelekea baharini. Baada ya hapo ng'ombe walilia siku tatu. Hawakuwa wamekamuliwa. Siku ya nne walinyamaza. Tangu hapo sijasikia wimbo."

Dariet alitafsiri mpaka neno la mwisho bila sauti kutetemeka, kama alivyokuwa akisomea darasa imla. Hazret aliangalia dirishani. Genadi Pavlovich alivua miwani, akaifuta, akasema anasikitika sana. Kisha akageuza ukurasa.

"Bibi ni hai au marehemu?"

"Nilikufa. Ilikuwa homa."

"Ana cheti cha kifo?"

Hakuwa nacho.

"Basi kisheria yu hai," alisema ofisa. "Na aliye hai haruhusiwi kuishi ndani ya kaburi, ni hatari kwa afya. Kwa hiyo hana makazi kule. Akileta cheti atakuwa marehemu, lakini ushahidi wa marehemu hatupokei. Mnaona ninavyobanwa?"

"Naona," alisema Dariet. "Umekaa vizuri kabisa ndani ya banio lako."

Ofisa hakukasirika. Alitafuta kwenye droo jambo la kuwasaidia, na akalipata. Alimwandikia Tsaku kibali cha mgeni wa muda, siku tisini, anwani: nyumba ya Dariet, Mezdah. Tsaku alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Huyu kijana kwao ni wapi?" aliuliza walipotoka.

"Baba yake alihamia hapa kwa kazi ya reli."

"Ah. Bado hajazoea."

Winchi ilifika Jumatano kama ilivyosemwa. Kijiji kizima kilipanda kutazama. Dereva alifunga mnyororo kwenye ukuta wa mbele, na Tsaku akapiga kelele.

"Wewe! Usianze na huo, utaniangushia nyumba! Toa paa, halafu wa nyuma. Hukufundishwa kazi?"

"Bibi, mimi nina miaka kumi na minane kwenye winchi."

"Na mimi nilikuwepo walipoijenga."

Dereva alifungua mnyororo, akaanza na paa. Tsaku alimwelekeza bamba kwa bamba, na hakuna lililopata ufa. Mwisho dereva alimshukuru, akasema laiti wangempa msimamizi kama yeye kila mahali. Pale juu pakabaki shimo la mraba lenye udongo mwekundu. Dariet aliokota donge moja, akalifunga kwenye leso, akashuka.

Hotelini mabamba yalisimamishwa upya, tundu likaangalia bwawa la kuogelea. Wageni huingiza vichwa na kuuliza mambo yao. Hakuna mtu ndani, na wanaondoka wameridhika vilevile.

Wiki iliyofuata winchi ilirudi kuchukua kaburi la tano. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mkimya, akahamia kwa Hazret, ambaye tangu hapo amepungua kitambi kwa kusimama. Mstari wa nne wa karatasi haukubadilishwa. Mwezi wa nane Tsaku alikwenda mjini kuongeza siku tisini nyingine, akapewa.

Aliporudi alimwambia Dariet kwamba chumba cha wageni ni kizuri ila kina joto na kuta zake ni nyepesi. Asubuhi alishuka mtoni, akachagua mawe. Nyuma ya jiko, karibu na uzio wa mbuzi, akaanza kuchimba msingi. Dariet aliweka sufuria mekoni, akatoka na jembe.

"Itatuchukua muda gani, Bibi?"

"Miaka miwili. Mitatu, mvua ikiwa nyingi."

"Na wakija kuichukua na hii?"

"Wataichukua," alisema Tsaku, akipima bamba kwa shubiri. "Lakini kujenga hawajui. Wanajua kubeba tu."

Hazret alikuja mchana na barua. Ilitoka mjini, na ilisema ujenzi wa nyuma ya jiko unahitaji kibali, na kwamba kibali hicho hapewi mgeni wa muda. Aliisoma yote mpaka sahihi, amesimama, kofia mkononi. Walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakainama tena kwenye bamba, ambalo lilikuwa zito kwa wanawake wawili.

Hazret aliikunja barua, akaiweka chini ya jiwe isipeperuke. Akavua koti, akashika upande wa pili.

"Shika chini zaidi," Tsaku alimwambia. "Hapo utavunjika mgongo."